Bunduki Kubwa Haioni Chini ya Gesi

Kila ninapomaliza kuzungumzia utafutaji wa mafuta na gesi baharini, iwe mbele ya wanafunzi, waandishi wa habari au viongozi wa halmashauri, swali la kwanza huwa lile lile. "Kama gesi iliyo juu inaziba picha ya kilicho chini yake, kwa nini msiongeze nguvu ya mlipuko?" Wapo wanaouliza kwa upole. Wapo wanaouliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua kwamba wataalamu ni wavivu, au kwamba kampuni inabana matumizi. Juzi limenijia tena, safari hii kutoka kwa mhandisi wa umeme, mtu ambaye kwa haki kabisa anajua nguvu ni nini. Nimechoka kulijibu kwa dakika mbili mlangoni, huku watu wanatoka. Nalijibu hapa kwa ukamilifu.

Mlipuko hauongezwi kwa sababu hausaidii. Sisemi kwamba unasaidia kidogo kwa gharama kubwa. Nasema hausaidii, na hesabu ya kuthibitisha hivyo haimshindi mwanafunzi wa kidato cha sita.

Twende kwanza mahali ambako tatizo hili limesomwa kwa makini kuliko kwingi duniani: Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwei. Huko kuna Ekofisk, iliyogunduliwa mwaka 1969, Valhall iliyogunduliwa mwaka 1975, na jirani yao Tommeliten Alpha. Zote zimehifadhi mafuta au gesi ndani ya miamba ya chaki, mawe meupe yaliyotokana na mabaki ya viumbe wadogo sana wa baharini, ambayo yamekunjwa yakawa vilima vilivyozikwa kilomita mbili na nusu hadi tatu hivi chini ya sakafu ya bahari. Kwa muda mrefu mno gesi imekuwa ikivuja kutoka kwenye vilima hivyo na kupanda taratibu kwenye tabaka za udongo mzito zilizo juu. Huko ikanaswa. Wenye fani huliita wingu la gesi, lakini msomaji asifikirie pango wala puto. Ni mwamba wa kawaida, ila maji yaliyomo kwenye vitundu vyake yamechanganyika na gesi kidogo. Na wingu lenyewe limekaa juu ya kilele cha kilima, mahali pale pale ambapo mchorongaji anataka kupaona.

Chukua picha ya kawaida ya mitetemo ya eneo kama hilo, iliyopigwa na meli inayokokota nyaya zenye haidrofoni, yaani vinasa vya sauti ya majini, karibu na uso wa maji. Ukianzia kushoto, tabaka zinakuja zimetulia, safi kabisa, unaweza kuzifuata kwa ncha ya kalamu. Zikikaribia katikati zinaanza kuinama. Kisha zinafifia, zinakatikakatika, na mwisho hubaki vumbi la kijivu lisilo na mstari hata mmoja. Ukisogea kulia zinaibuka tena, zikipanda kutoka kwenye kile kinachoonekana kama shimo. Mahali ambapo pana kilima, picha inaonyesha bonde lililobomoka.

Gesi inaharibu picha kwa njia tatu tofauti, na anayetaka kuongeza mlipuko anapaswa aniambie ni ipi kati ya hizo anayotaka kuitibu.

Njia ya kwanza ni kuchelewesha. Wimbi la msukumo, yaani lile linalosafiri kwa kuubana mwamba na kuuachia, hutegemea sana ugumu wa kile kilichojaa kwenye vitundu. Maji ni magumu kubanwa. Gesi hubanwa kwa urahisi. Tia asilimia chache tu za gesi ndani ya maji yale, na kasi ya wimbi huporomoka. Tuseme tabaka lenye unene wa mita 500 lilikuwa likipitisha wimbi kwa kasi ya mita 2,000 kwa sekunde, na gesi ikaishusha hadi 1,500. Safari ya kwenda na kurudi iliyochukua nusu sekunde sasa inachukua sekunde 0.67. Mchoraji wa picha asiyejua kwamba kasi imebadilika atakiweka kila kilicho chini ya tabaka hilo mita 167 chini ya mahali pake. Kilima chenye kimo cha mita 150 kimegeuka bonde. Sasa, ukipiga mlipuko mara kumi zaidi, wimbi litachelewa sekunde zile zile. Kasi ya wimbi katika mwamba haijali limepigwa kwa nguvu gani.

Njia ya pili ni kufyonza. Mwamba wenye gesi kidogo humeza nishati ya wimbi na kuigeuza joto, na humeza zaidi kadiri wimbi linavyotetemeka haraka. Wanajiofizikia hupima tabia hiyo kwa namba iitwayo Q: ikiwa ndogo, mwamba ni mlafi. Nikichukua Q ya 20, ambayo haishangazi ndani ya wingu la gesi, na zile sekunde 0.67 za kwenda na kurudi, wimbi la Hezi 10 linatoka likiwa limebaki na theluthi moja ya kimo chake. La Hezi 40 linatoka na sehemu moja ya 66. La Hezi 80 linatoka na sehemu moja ya 4,300. Na ni yale masafa ya juu yanayobeba umakini wa picha. Yakipotea, tabaka nyembamba hazitenganishiki tena.

Hapa ndipo muulizaji wangu huchangamka. "Basi piga mara 66 zaidi!" Haya, tupige. Meli ya kawaida ya utafiti hukokota bunduki za hewa zipatazo 30, zinazoachia hewa iliyobanwa kwa shinikizo la takriban mara 140 ya shinikizo la kawaida. Ukitaka kimo cha wimbi kiongezeke mara 66 kwa kuongeza idadi ya bunduki, unahitaji bunduki karibu 2,000 zikipiga kwa wakati mmoja. Hakuna meli ya namna hiyo. Ukitaka kuongeza ukubwa wa kila bunduki badala ya idadi, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kimo cha wimbi la bunduki moja hukua kwa kadiri ya kipeuo cha tatu cha ujazo wake. Ukiuongeza ujazo mara nane, unapata kimo mara mbili tu. Ili upate mara 66 unahitaji ujazo mara laki mbili na elfu themanini na saba. Juu ya hayo, bunduki kubwa huhamishia nishati yake kwenye masafa ya chini, na hayo ndiyo ambayo gesi ilikuwa inayapitisha tangu mwanzo. Umetumia mali yote hiyo kununua kile ulichokuwa nacho, na ile Hezi 80 uliyoipoteza bado huna.

Lakini hata hilo si jibu lenyewe. Tuseme kesho mtu avumbue chombo chenye uwezo huo wote, kidogo kama ndoo. Bado kisingesaidia, kwa sababu ya njia ya tatu ya uharibifu, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote: kutawanya. Wingu la gesi halikujipanga sawasawa. Lina mabaka, mifuko midogo, nyufa zilizojaa gesi na nyufa zisizo na gesi. Kila baka hulirusha wimbi huku na kule. Mwangwi wa mabaka hayo, pamoja na mwangwi unaodunda baina ya sakafu ya bahari na uso wa maji, hufika kwenye vinasa kwa wakati ule ule ambao mwangwi dhaifu wa kilima ungefika. Kelele inayotuzuia kuona kilima haitokani na mawimbi ya bahari wala injini za meli. Inatokana na mlipuko wetu wenyewe. Ukiongeza mlipuko mara kumi, mwangwi wa kilima unaongezeka mara kumi, na kelele inaongezeka mara kumi. Uwiano wa ishara kwa kelele unabaki palepale ulipokuwa. Ingekuwa kelele ya upepo na propela, hapo nguvu ingesaidia, au hata kurudia kupiga mara nyingi na kuchukua wastani. Kelele ya kujitengenezea haiondolewi kwa kujitengenezea zaidi.

Kwa hiyo nguvu haitibu ucheleweshaji, haiwezi kufidia ufyonzaji, na kwenye utawanyaji inakuza ugonjwa sawasawa na inavyokuza dawa. Na yule mvuvi wa pwani anayelalamika kwamba milio ya meli za utafiti inamfukuzia samaki ana haki ya kuuliza kwa nini sauti iongezwe bila faida yoyote ya kisayansi. Nikiwa mtaalamu sina cha kumjibu zaidi ya kukubaliana naye.

Kina mama waliowahi kupimwa kwa ultrasaundi wamekutana na jambo hili kwenye ngozi zao. Ile jeli ya baridi inayopakwa tumboni kazi yake ni kufukuza hewa baina ya kifaa na ngozi, maana utando mwembamba wa hewa unatosha kuizuia sauti isiingie mwilini. Na gesi ya utumbo ikilificha kongosho, mpimaji mzuri hahangaiki na kitufe cha nguvu. Humwambia mgonjwa alale ubavu, akakiweka kifaa mahali pengine, akatafuta njia ya kulizunguka lile pumba la gesi. Ndivyo nasi tunavyofanya, isipokuwa kwamba sisi tunayo silaha moja ya ziada ambayo mpimaji wa hospitali kwa kawaida haitumii kwa kazi hiyo. Nayo ni wimbi la aina nyingine.

Mbali na wimbi la msukumo, mwamba mgumu hupitisha wimbi la mkato. Hili haliubani mwamba, bali huutikisa kiubavu, tabaka moja likiteleza dhidi ya jingine, kwa pembe mraba na uelekeo wa safari. Kasi yake ni kipeuo cha pili cha ugumu wa mwamba dhidi ya mkato, ukigawanya kwa msongamano wake. Tazama kilichokosekana humo: ugumu wa kubanwa haumo. Maji hayana uwezo wowote wa kupinga mkato, na gesi vilevile haina. Wimbi la mkato linabebwa na mifupa ya mwamba, yaani zile chembe zilizoshikana, na kilichojaa kwenye vitundu hakilihusu ila kwa uzito wake. Ukitoa maji ukaweka gesi, mwamba unakuwa mwepesi kidogo, na wimbi la mkato linakwenda haraka kidogo zaidi. Basi. Halipunguzwi mwendo, wala haliporomoki. Lile wingu lililokuwa ukuta mbele ya wimbi la msukumo, kwa wimbi la mkato ni mwamba kama mwamba mwingine.

Nikifika hapo, swali la pili hufuata, na hili ni zuri: kama maji hayapitishi wimbi la mkato, mtalipigaje mkiwa baharini? Nchi kavu yapo magari maalumu yenye sahani ya kutikisa ardhi kiubavu. Baharini bunduki ya hewa inatoa msukumo mtupu, kwa sababu maji hayawezi kubeba kingine. Jibu ni kwamba hatulipigi. Mwamba ndio unaolitengeneza. Wimbi la msukumo likishuka na kugonga mpaka wa tabaka kwa mshazari, sehemu ya nishati yake huakisiwa ikiwa msukumo, na sehemu hugeuka kuwa mkato na kupanda nao. Likigonga wima kabisa halibadiliki. Mshazari ukiongezeka, nalo hubadilika zaidi. Hilo ndilo wimbi geu: limeshuka likiwa msukumo, limepanda likiwa mkato.

Msomaji makini ameshaona tundu kwenye hoja yangu. Kama linashuka likiwa msukumo, si litakwama kwenye gesi wakati wa kushuka? Lingekwama, kama lingepita humo. Hapa ndipo jiometria inapotusaidia, na kwangu ndipo penye uzuri wa jambo lote. Kwa kuwa wimbi la mkato ni la polepole, hupanda likiwa limesimama wima zaidi kuliko lilivyoshuka. Mahali linapogeukia hapako katikati ya meli na kinasa, bali karibu na kinasa. Kasi ya msukumo ikiwa mara mbili ya ile ya mkato, na meli ikiwa kilomita tatu kutoka kwenye kinasa, tabaka za kina kirefu huwa zinalipokea wimbi hilo kilomita mbili kutoka kwenye meli na kilomita moja tu kutoka kwenye kinasa. Weka basi kinasa juu ya wingu, na meli ipige kutoka mbali, nje ya wingu. Guu la msukumo linashuka kwa mshazari pembeni ya gesi, guu la mkato linapanda karibu wima kupitia katikati ya gesi, bila kujua kama gesi ipo. Wingu likiwa pana sana, hila hii inapungua makali. Wingu la ukubwa wa wastani linazungukwa.

Kuna sharti moja lisilokwepeka. Wimbi la mkato likifika kwenye sakafu ya bahari linakoma. Haliendelei ndani ya maji. Zile nyaya zinazokokotwa na meli juu haziwezi kulisikia hata zikiwa nzuri namna gani. Lazima vinasa vilale kwenye sakafu yenyewe, vikigusa udongo, na lazima viwe vya vipengele vinne: haidrofoni moja ya kupima shinikizo, na jiofoni tatu za kupima mtikisiko, moja wima na mbili za ulalo. Zile mbili za ulalo ndizo zenye kazi. Wimbi la mkato linapopanda karibu wima hutikisa kiubavu, kwa hiyo jiofoni ya wima hailioni vizuri.

Wanorwei ndio walioonyesha jambo hili kwa vitendo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Statoil ilitengeneza mfumo ulioitwa SUMIC, ambao vinasa vyake vilipandwa kwenye sakafu ya bahari na chombo kinachoendeshwa kutoka melini. Wakaujaribu Tommeliten Alpha, kwenye maji ya kina cha mita zipatazo 75. Kazi iliyotokana na data hizo ilichapishwa mwaka 1999 katika jarida la Geophysics na Jan Granli, Børge Arntsen na wenzao, na hadi leo ndiyo ninayowapa wanafunzi wanaonijia na swali la mlipuko. Weka picha mbili kando kwa kando. Ya msukumo ina lile vumbi la katikati nililolieleza. Ya wimbi geu ina tabaka zinazoendelea kutoka ukingo hadi ukingo, zikipanda na kushuka kama kuba. Ni mwamba ule ule. Kilichobadilika ni aina ya wimbi na mahali pa kusikilizia. Hakuna aliyeongeza mlipuko.

Valhall wakaenda mbali zaidi. Mwaka 2003 walifukia kwenye sakafu ya bahari takriban kilomita 120 za kebo zenye vinasa vya vipengele vinne, zikaachwa humo moja kwa moja, ili uwanja upimwe tena na tena mafuta yanapopungua. Ekofisk wakafuata mwaka 2010. Data za Valhall zilitoa pia jambo ambalo halikuwa lengo la kwanza. Wimbi la mkato likipita kwenye mwamba wenye nyufa au mkazo usiolingana hujigawa mara mbili, moja la haraka na moja la polepole. Sakafu ya bahari ya Valhall imekuwa ikizama kwa sababu chaki inabonyea mafuta yanapotolewa, na uelekeo wa mgawanyiko ule ukachorwa ukizunguka lile eneo linalozama kama duara. Wimbi la msukumo lisingetuambia hilo kwa uwazi huo.

Sitaki msomaji aondoke akidhani wimbi geu ni dawa ya kila kitu, maana nitakuwa nimembadilishia imani potofu moja kwa nyingine. Udongo laini wa juu kabisa wa sakafu ya bahari hulipitisha wimbi la mkato kwa kasi ndogo sana, wakati mwingine mita mia au mia mbili kwa sekunde, kwa hiyo unene wa tope ukibadilika kidogo tu, wimbi linachelewa vya kutosha kuivuruga picha. Tope hilo hilo humeza masafa ya juu. Nje ya wingu, picha ya msukumo kwa kawaida ndiyo iliyo kali zaidi, na ndiyo ya kutumia. Mchakato wa data nao ni mzito. Kinasa kikidondoka kwenye tope hakuna anayejua jiofoni zake za ulalo zimetazama wapi, hivyo inabidi kuutafuta uelekeo huo kwa hesabu, kwa kutumia wimbi la kwanza lililotoka moja kwa moja kwenye bunduki ambayo mahali pake panajulikana. Mahali pa kugeukia panahama kadiri kina kinavyobadilika, kwa hiyo data haziwezi kupangwa kwa kanuni ile rahisi ya katikati. Na mwangwi ambao kwenye picha ya msukumo uko sekunde 3, kwenye picha ya wimbi geu unaweza kuwa sekunde 4.5. Kulinganisha picha hizo mbili kunahitaji mtu aijuaye jiolojia ya mahali, na si programu peke yake. Nimeona ripoti ambamo tabaka mbili tofauti zimeunganishwa kwa rangi moja kwa sababu aliyefanya kazi alikuwa na haraka.

Ipo pia dhana pacha ya ile ya mlipuko. Watu husema, pale penye giza ndipo penye utajiri, na ndiyo maana hawatuonyeshi. Hapana. Nimeeleza hapo juu kwamba asilimia chache za gesi zinatosha kuiporomosha kasi ya wimbi la msukumo. Gesi ya asilimia tano na gesi ya asilimia themanini huweza kutoa giza linalofanana, na ile ya asilimia tano hailipi hata gharama ya kisima. Wimbi la mkato linasaidia hapa pia, kwa njia nyingine. Tabaka liking'aa sana kwenye picha ya msukumo na lisipong'aa kwenye ile ya mkato, kinachong'aa yumkini ni gesi. Liking'aa kote kuwili, ni mwamba wenyewe uliobadilika. Kanuni hiyo ilikuwa imeshachapishwa mwaka 1984. Hata hivyo haikuambii ni gesi kiasi gani, na asiyejua hilo asipewe kalamu ya kukadiria akiba ya taifa.

Sasa, ya kufanya. Kwanza, data za zamani zichakatwe upya kabla ya kupiga mpya: kasi ndani ya wingu ikadiriwe vizuri na ufyonzaji ufidiwe kwa hesabu, kwa kiasi, maana kufidia kupita kiasi ni kukuza kelele. Pili, vinasa vya sakafuni vya vipengele vinne, viwe kebo au vile vinavyojitegemea vinavyowekwa kimoja kimoja na roboti. Hivi vya pili vinafanya kazi hata kwenye maji ya zaidi ya kilomita moja, kama yalivyo ya vitalu vya bahari kuu vya Tanzania. Ni ghali kuliko nyaya za kukokotwa, lakini kisima kimoja kikavu cha bahari kuu ni ghali zaidi. Tatu, meli ipige kutoka pande zote na mbali, ili njia za pembeni zipatikane. Nne, ule uchambuzi unaolilinganisha wimbi zima lililopimwa na lile la kompyuta, kasi za miamba zikirekebishwa hadi mawimbi hayo mawili yalingane. Valhall ulilichora wingu lenyewe kwa undani ambao haukuwahi kuonekana, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010 na Laurent Sirgue na wenzake. Unahitaji masafa ya chini na umbali mrefu. Tano, kama kuna kisima tayari, shusha vinasa ndani yake, chini ya gesi, wimbi lipite humo mara moja badala ya mbili. Sita, vipimo vya uvutano na vya sumaku-umeme vikiwa msaada, si mbadala.

Na kwa wale mnaokaa kwenye kamati za kupitia zabuni za upimaji wa mitetemo: mkiona ukurasa mzima umeandikwa kuhusu idadi na ujazo wa bunduki za hewa, na mstari mmoja tu kuhusu vinasa, rudisheni makabrasha hayo. Ulizeni vinasa vitalala wapi, vina vipengele vingapi, meli itapiga kutoka umbali gani, na nani atazichakata data za jiofoni za ulalo. Mkijibiwa kwamba jiofoni za ulalo hazimo kwenye mkataba, mjue mmeuziwa picha ile ile yenye vumbi katikati.

Na ile Tommeliten Alpha, ambako picha ilipatikana bila kuongeza mlipuko, ilianza kuzalisha mwaka 2023.